Tapioka ya dukani ni muhogo ule ule wa shambani

Jirani yangu huku Kilifi hulima muhogo. Juzi aling'oa mashina kadhaa, akamuuzia mchuuzi gunia zima kwa bei ambayo yeye mwenyewe aliona haya kuitaja. Jioni akapitia dukani kununua pakiti ndogo ya chenga nyeupe za kumpikia mjukuu uji. Wenye duka huziita sagu, Wahindi wa Mombasa huziita sabudana, na kwenye pakiti huandikwa tapioka. Nilipomwambia kwamba alichonunua ni muhogo, alicheka sana. "Wewe nawe! Muhogo nisiujue mimi?"

Simlaumu. Chenga zile hazifanani na muhogo kwa harufu wala kwa ladha. Lakini tapioka ni wanga wa muhogo, uliotolewa peke yake na kuachana na makapi. Sagu ya asili ni kitu kingine, hutoka kwenye shina la aina ya mtende unaomea Indonesia na Papua New Guinea, ila jina limehamia kwenye chenga za muhogo na limebaki huko.

Muhogo wenyewe ni mgeni wetu. Wareno waliuvusha kutoka Brazil hadi Afrika katika karne ya 16, na neno tapioka limetoka kwa Watupi, wenyeji wa huko. Wenyeji wale walikuna muhogo, wakaujaza ndani ya mfuko mrefu wa kusuka, kisha wakauvuta na kuunyonga mpaka maji yakachuruzika. Aliyewahi kushika kifumbu cha kukamulia tui hahitaji maelezo zaidi.

Nyumbani kazi ni hiyo hiyo. Menya muhogo mtamu, uoshe, ukune laini kwa kikwaruzo. Mimina maji, fikicha, ukamue kwa kitambaa safi kama tui la kwanza na la pili. Maji meupe uliyoyapata yaache yatulie saa kadhaa. Wanga utatuama chini na kushikamana kama chokaa. Mwaga maji ya juu, tia mengine safi, koroga, acha utuame tena. Mwisho utandaze juani hadi ukauke. Kilo 5 za muhogo uliomenywa hutoa takriban kilo 1 ya wanga, na kwa mkono mara nyingi ni pungufu. Chenga hupatikana kwa kuuviringa wanga ukiwa na unyevu, kisha kuupitisha kwenye chuma cha moto ili ushikane.

Hapa wengi hukosea: unga wa muhogo si tapioka. Unga ni muhogo mzima uliokatwa, ukakaushwa na kusagwa, na ndio wa kusongea ugali. Ukiutia kwenye pishi linalotaka wanga, utapata uji mzito wa kijivu na kumlaumu aliyekuelekeza.

Wanga hufanya kazi ambazo unga hauwezi. Kijiko kimoja kilichokorogwa kwanza kwenye maji baridi, kikamiminwa mchuzi ukikaribia kuiva, hufanya mchuzi uwe mzito na wenye kung'aa. Usiuchemshe sana baada ya hapo, utaanza kuvutika kama ulimbo. Ukichanganya kidogo na ngano kwenye rojo la viazi karai, ganda hukauka vizuri. Na kwa kuwa hauna ngano ndani yake, huwafaa wale ambao matumbo yao hayapatani na ngano.

Chenga huloweshwa hadi zifure, zikapikwa kwa maziwa au tui, sukari na iliki, mpaka weupe ugeuke kuwa kama kioo. Wahindi huzikaanga na njugu, viazi, bizari nyembamba na pilipili siku za mfungo, wakati nafaka hailiwi. Kule Brazil, wanga wenye unyevu hunyunyizwa kwenye kikaango kikavu cha moto, ukashikana wenyewe bila yai wala mafuta, kisha ukajazwa nazi au jibini. Zile gololi nyeusi za kutafuna ndani ya chai ya maziwa, zilizoanzia Taiwan, nazo ni tapioka. Na wazee wetu waliotia kanji kwenye kanzu kabla ya kupiga pasi wanajua kwamba wanga haukuishia jikoni.

Sasa niseme la uji wa mtoto, maana ndilo lililonifanya nikae kuandika. Tapioka hutia nguvu na kushibisha, lakini protini yake ni karibu na hakuna. Mtoto anayelishwa huo tu atashiba bila kujenga mwili. Tia maziwa, njugu zilizosagwa, au mpe maharage pembeni. Kisamvu kina protini nyingi kuliko mzizi, bora kitwangwe na kuchemshwa sawasawa.

Muhogo una sumu ya sianidi, ambayo hutoka pale unapokatwa au kukunwa. Wanga uliooshwa kwa maji mengi huwa umeiacha sehemu kubwa ya sumu hiyo. Muhogo mchungu uliokaangwa moja kwa moja haujaiacha, kwani mafuta ya moto hayaitoi vizuri, na ukame huizidisha shambani. Mwaka 1981 kaskazini mwa Msumbiji, ukame uliwafanya watu wale muhogo mchungu usioandaliwa ipasavyo, na zaidi ya watu 1,000 walipooza miguu. Wakaanga krispi na mihogo wa barabarani wanunue wa aina tamu kwa mkulima wanayemjua. Ukionja mbichi na ulimi ukauma, tema.

Na kwa nini jirani auze kwa hasara? Kwa sababu muhogo ukishang'olewa haukai. Siku 2 au 3, mishipa yake huanza kugeuka buluu na nyeusi, na mchuuzi analijua hilo kuliko mtu yeyote. Anachelewa makusudi. Muhogo uliokaushwa, iwe unga au wanga, humngojea mnunuzi miezi kadhaa, na mkulima anaweza kukataa bei.

Jirani alijaribu wanga. Mjukuu alikunywa uji, ukawa mzuri, lakini kuosha na kukamua kulimmalizia mitungi mitatu ya maji, na wiki hiyo bomba letu lilikuwa kavu. Ameniambia wanga atatengeneza wa jikoni kwake tu. Gunia lijalo atalikata vipande, avianike juu ya turubai, apeleke kwenye mashine ya kusaga. Mchuuzi alipopita tena Jumamosi, alimwambia hana muhogo.