Kiungo cha Nyuma cha Trekta Dogo: Tukifunge kwa Hadhari



Katika mashamba yetu ya Kwale, Kilifi na Lamu, si ajabu tena kukuta trekta dogo la bustani limeegeshwa chini ya mwembe. Mara nyingi baba na vijana huwa mjini, baharini au ng'ambo wakitafuta riziki, na anayebaki kulisimamia shamba ni mama wa nyumba. Yeye ndiye ampokeaye fundi, ndiye alipaye, na watoto wanaocheza karibu na mashine ni wake. Kwa hivyo twaona yafaa aijue kazi moja ifanywayo nyumbani ambayo wengi huidharau: kufunga kiungo cha nyuma, yaani kile chuma kinachoshika trela au zana.

Trekta lisilo na kitu nyuma yake ni injini na magurudumu tu. Manufaa yake huonekana linapovuta samadi, nazi, maji au kuni. Kiungo kilicho rahisi kabisa ni bamba la chuma lenye tundu, lililofungwa kwa bolti kwenye fremu. Pini hupita tunduni na kulishika trela. Kingine ni cha mikono mitatu, miwili chini na mmoja juu, ambacho hubeba plau au haro na kuiinua.

Mfumo huo wa mikono mitatu ulienezwa na Harry Ferguson, aliyezaliwa Ireland mwaka 1884. Katika zama zake matrekta mepesi yalikuwa yakipinduka kinyumenyume plau inaponasa kwenye jiwe au mzizi, na dereva hulaliwa na chuma. Ferguson akatafuta namna ya kuzifanya zana na trekta ziwe kitu kimoja, na mwaka 1939 mfumo wake ukaingia katika trekta la Ford lililojulikana kama 9N.

Hatari ile haijaondoka. Mzigo ukikwama na injini ikaendelea kusukuma, nguvu ile haipotei, bali huiinua pua ya trekta. Kiungo kikiwa chini ya ekseli, pua inapoinuka chenyewe hushuka, na mvuto hupungukiwa na uwezo wa kulipindua trekta. Kikiwa juu ya ekseli, mvuto huo huo hulisaidia kupinduka. Jambo lote huweza kumalizika kwa chini ya sekunde mbili, na hakuna dereva, awe hodari vipi, awezaye kutegemea kuruka kwa muda huo. Ndiyo maana twaasa kwamba kisiki cha mnazi kisivutwe kwa kamba iliyofungwa kwenye ekseli, kwenye kiti, wala mahali popote palipo juu ya kiungo. Bora zaidi ni kukiacha kabisa, kwani trekta la bustani halikuundwa kung'oa visiki.

Kabla ya kununua, soma kijitabu cha trekta ujue uzito linaloruhusiwa kuvuta, kisha pima matundu yaliyopo nyuma ya fremu. Kwa kiungo cha mikono mitatu, angalia pini. Zana za matrekta madogo kabisa hutumia pini za unene wa milimita 16. Za daraja linalofuata, pini za mikono ya chini huwa za milimita 22. Pini nyembamba katika tundu pana hucheza, na kinachocheza hulika.

Siku ya kazi, trekta liwekwe mahali tambarare, breki ifungwe, ufunguo utolewe, waya wa hasi wa betri ufunguliwe, na magurudumu yazuiwe kwa magogo. Asiingie mtu chini ya trekta lililoshikiliwa na jeki peke yake. Liwekewe vigingi vya chuma au magogo mapana yaliyo imara.

Kisha fremu isuguliwe kwa brashi ya waya. Kutu ya pwani hujificha chini ya rangi, na hewa ya chumvi haina huruma. Ikiwa chuma kimeliwa au kina ufa, kazi isimame hapo mpaka fundi akitengeneze. Bamba liinuliwe mahali pake na bolti zote zitiwe kwa mkono kwanza, bila kukazwa. Zikishaingia zote ndipo zikazwe kwa spana, moja upande huu na moja upande wa pili, ili bamba likae sawa. Bolti ziwe zimeandikwa 8.8 kichwani, ambayo ni alama ya nguvu yake. Ile isiyo na alama yoyote haifai kwa kazi ya kuvuta. Nati ziwe za kujifunga zenyewe, au ziwekewe washa za springi.

Fundi akisema lazima atoboe au achomelee, muulize wapi. Fremu huweza kukubali, iwapo kijitabu charuhusu. Ekseli na giaboksi hazikubali: moto wa kuchomelea huharibu sili na beringi zilizomo ndani, na tundu jipya hudhoofisha chuma kilichopimwa kiwandani. Mama asione haya kuuliza. Mali ni yake na roho ni amana.

Pini ya trela hutiwa kutoka juu, na chini yake hufungwa klipu. Klipu ni kitu kidogo cha bei ndogo, lakini pini isiyo nayo huruka trela linapogonga shimo. Msumari uliokunjwa haushiki nafasi yake. Kazi ikiisha, lijaribu trekta na trela tupu kwa dakika kama 10 mahali tambarare, kisha zikaze bolti tena, kwani aghalabu hulegea kidogo mara ya kwanza. Sehemu zilizokwaruzwa zipakwe rangi, na pini ipakwe grisi.

Mzigo nao uhesabiwe. Trela la urefu wa mita 1, upana wa mita 1 na kina cha sentimita 30 likijaa mchanga mkavu hubeba karibu kilo 480, na mchanga uliorowa huzidi hapo. Pipa la lita 200 za maji ni kilo 200 pasi na uzito wa pipa lenyewe. Trela lisilo na breki lisizidi uzito wa trekta, kwani kwenye mteremko mzigo ndio utakaomsukuma dereva.

Kwa dada zetu tuna neno la ziada. Baadhi ya matrekta yana shafti ya nyuma inayozungusha zana, na mwendo wake wa kawaida ni mizunguko 540 kwa dakika, yaani 9 kwa kila sekunde. Shafti ya unene wa sentimita 5 huweza kukunja karibu mita 1.4 za nguo kwa sekunde moja. Ncha ya leso au ya mtandio ikinaswa, haimpi mtu wasaa wa kupiga ukelele. Buibui la mikono mipana si vazi la kazi hii. Suruali iliyositiri, kanzu fupi yenye mikono iliyofungwa kwenye vifundo, na ushungi uliotiwa ndani ya shingo ya nguo hutosha. Sitara na usalama havigombani. Na shafti izungukapo, kifuniko chake kiwe mahali pake, wala pasiwe na mtu wa kuivuka.

Watoto nao hupenda kusimama juu ya kiungo wapate kupandishwa. Wakatazwe siku ya kwanza, kabla hawajazoea, na aliye kwenye usukani asiondoke kabla ya kuwaona wote kwa macho yake. Baada ya hapo, mara moja kwa juma, bolti zikaguliwe, klipu iangaliwe na grisi iongezwe. Mvua za masika zitakapofika, inshaallah, trekta litakuwa tayari kwa shamba na nyumba nzima itakuwa na utulivu.

Wabillahi tawfiq.