Nyimbo Zinazotaja Chakula: Ni za Aina Gani?

Katika jaribio moja nililowapa wanafunzi wangu wa kidato cha nne, wimbo wa kutwanga mahindi uliwatoa jasho. Swali la kwanza lilikuwa jepesi: wimbo huu ni wa aina gani? Karibu nusu ya darasa waliandika "wimbo wa chakula" au "wimbo wa mapishi". Wakakosa alama hizo, na kwa kuwa swali lililofuata liliwataka wathibitishe jibu lao, wakakosa na za pili.

Kosa hili hutokea mtahiniwa anapoangalia kinachotajwa badala ya kinachofanywa. Nyimbo za fasihi simulizi huainishwa hasa kwa shughuli au hafla zinamoimbwa. Soma huu, nilioutunga kwa ajili ya somo hili:

Twanga dada, twanga dada,
Mchi juu, mchi chini,
Mgeni yu mlangoni,
Na mahindi ni mazima.
Tu! Tu! Twanga dada.

Twanga dada, twanga dada,
Baba yuwaita chai,
Na kuni hakupasua,
Na jiko halina moto.
Tu! Tu! Twanga dada.

Huu ni wimbo wa kazi, yaani hodiya. Usiuite wawe, kwani wawe ni wa wakulima shambani, wala kimai, ambao ni wa mabaharia na wavuvi. Ithibati zimo wimboni: kitenzi "twanga" kinachoamrisha, mchi unaopanda na kushuka, na tanakali "tu! tu!" inayoiga mlio wa kinu.

Hapa inabidi tukae kidogo, maana wengi wenu mmelelewa kwa unga wa pakiti au wa mashine na hamjawahi kushika mchi. Watu wawili au hata watatu huweza kutwanga katika kinu kimoja. Huyu anapoinua mchi wake, yule anateremsha wake. Mmoja akichelewa, michi hugongana, na mkono wa mtu huweza kuumia. Wimbo ndio unaohesabu zamu. Kwa hiyo ukiulizwa umuhimu wa takriri katika wimbo kama huu, usiandike tu "kusisitiza ujumbe" ukasonga mbele. Jibu hilo si uongo, ila ni jembamba. Eleza kwamba urudiaji huleta mdundo unaoratibu mapigo ya watendakazi, hurahisisha kukumbuka maneno na humpa kila mmoja nafasi ya kuitikia. Niliwahi kuazima kinu kwa jirani nikakipeleka darasani. Dakika tano zilitosha kuwafanya waelewe, ingawa mahindi mengi yaliishia sakafuni.

Ubeti wa pili una jambo jingine. Baba anaita chai ilhali hakupasua kuni. Haya ni malalamiko. Mke au binti asiyethubutu kumwambia mzee maneno hayo ana kwa ana angeweza kuyasema kinuni, na asishikwe kwa neno, kwani alikuwa akiimba tu. Toni hapo ni ya kejeli. Ukiulizwa kuhusu jamii husika, taja ukulima wa mahindi, ukarimu kwa wageni na mgawanyo wa kazi kijinsia, kila hoja na mshororo wake.

Tahadhari: muktadha ukibadilika, aina nayo hubadilika. Mama akiuimba wimbo huohuo polepole akimtikisa mtoto mgongoni, unakuwa bembelezi. Ndiyo maana wimbo wenye maneno ya chakula unaweza kuwa wa harusi, wa watoto au wa kazi.

Katika nyimbo za kisasa chakula aghalabu ni jazanda. "Sukari" wa Zuchu, uliotoka mwaka wa 2021, hauhusu sukari ya dukani. Ni wimbo wa mapenzi. Taarabu ya pwani nayo hutumia utamu wa asali na matunda kumsifu mpenzi. Hata bendi ya African Stars ya Dar es Salaam, inayopiga muziki wa dansi, ilipata umaarufu kwa jina Twanga Pepeta, maneno yaliyotoka kwenye kinu na ungo.

Je, muuza kahawa wa Mombasa au Lamu anayegonganisha vikombe vyake barabarani? Mlio ule si wimbo, kwani hauna maneno. Ni ishara ya kuwaita wateja. Akiongeza maneno kwa mahadhi, hapo tunaweza kuzungumza.

Zoezi
Rejelea wimbo wa kinu ulio hapo juu.
(a) Bainisha nafsineni katika wimbo huu na uthibitishe. (alama 2)
(b) Eleza vipengele vitatu vya mtindo vilivyotumika. (alama 6)
(c) Siku hizi unga mwingi husagwa kwa mashine. Eleza jinsi hali hiyo inavyoathiri hodiya za kinuni. (alama 4)
(d) Fafanua mambo manne ambayo fanani angefanya ili uwasilishaji wa wimbo huu uvutie hadhira. (alama 8)