Asali si dawa ya mifupa

Wafanyakazi na mama wa nyumbani, wengi wanatuuliza: mtu mwenye tumbo kubwa, tension ya juu na sukari nyingi katika damu, anywe asali ili akaze mifupa?

Swali ni la maana, kwa kuwa mwenye ugonjwa wa sukari huvunjika mifupa upesi kuliko wengine. Ni kweli, katika majaribio fulani asali ilisaidia mifupa ya panya. Kwa watu, jambo hilo halijahakikishwa.

Tuhesabu basi. Katika gramu 100 za asali, karibu gramu 80 ni sukari. Kalsiamu, inayojenga mifupa, ni miligramu 6 hivi tu. Mtu mzima anahitaji miligramu 1000 kwa siku.

Mifupa inajengwa na ndagala wanaoliwa wazima, sombe na maziwa. Wewe unayefanya kazi chini ya udongo, siku ya kupumzika toka juani, tembea kwa miguu.

Ukipenda asali, weka kijiko kidogo mahali pa sukari ya chai, si juu yake. Na dawa ulizopewa na munganga, usiziache hata siku moja.