Kitenge kifuani: Njia inayomsaidia mtoto njiti kuvuta pumzi

KATIKA mzigo wa mama anayevuka mpaka wa Namanga, Busia, Mutukula au Rusumo, kitenge hakikosekani. Kikikosekana kwenye bidhaa, basi kimefungwa kiunoni. Kitambaa hichohicho, kikifungwa vizuri juu ya kifua cha mama, kinaweza kuwa sehemu ya tiba ya mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati na anayepumua kwa shida.

Wahudumu wa afya huita njia hii huduma ya kangaruu, kwa kuwa mtoto hukaa kifuani mwa mama kama mtoto wa mnyama huyo anavyokaa mfukoni. Mtoto huvaa nepi, kofia na soksi tu, kisha hulazwa wima katikati ya matiti, ngozi kwa ngozi, na kufungwa kwa kitambaa.

Jambo hili linawahusu wafanyabiashara wa mipakani kuliko wengi wanavyodhani. Mwanamke mjamzito anayesafiri usiku kwa basi, akashinda foleni ya ushuru na kulala nyumba ya wageni, anaweza kushikwa na uchungu akiwa mbali na kliniki yake. Mimba ikiwa haijatimiza wiki 37, mtoto atakayezaliwa ni njiti. Mwaka 2020 pekee, watoto wapatao milioni 13.4 duniani walizaliwa njiti, na kuzaliwa kabla ya wakati ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano.

Kwa nini hupumua kwa shida

Mapafu ni miongoni mwa viungo vinavyokomaa mwishoni. Ndani yake kuna vifuko vidogo vya hewa ambavyo huhitaji majimaji maalumu ili visishikane kila mtoto anapotoa pumzi. Mtoto aliyezaliwa mapema huwa na upungufu wa majimaji hayo, hivyo kila pumzi huwa kazi nzito.

Tatizo la pili liko kwenye ubongo. Sehemu inayoongoza upumuaji haijakomaa, na mtoto anaweza kuacha kupumua kwa sekunde 20 au zaidi. La tatu ni baridi. Njiti ana mafuta machache mwilini, na joto lake likishuka chini ya nyuzi 36.5 mwili hutumia oksijeni nyingi zaidi kujipasha joto, wakati oksijeni yenyewe ni ya kugombania.

Hapo ndipo kifua cha mama kinapoingia. Joto la mwili wake humpasha mtoto bila umeme. Mapigo ya moyo na upumuaji wa mtoto hutulia, naye hulala vizuri na hupoteza nguvu kidogo kwa kulia. Ziwa likiwa karibu, maziwa ya mama huanza mapema, na maziwa hayo humkinga dhidi ya maambukizi.

Kutoka Bogotá hadi Muhimbili

Njia hii ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978. Daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na wodi iliyofurika na mashine za kutunzia joto zisizotosha, akaamua kuwakabidhi mama watoto wao kifuani. Rwanda iliianza mwaka 2007 katika Hospitali ya Muhima, Kigali.

Kwa miaka mingi, hata hivyo, utaratibu ulikuwa mmoja: mtoto atulie kwanza kwenye mashine, ndipo apewe mama. Mtoto anayehangaika kupumua alitengwa, na mama akabaki wodi nyingine akisubiri habari.

Utaratibu huo ulitikiswa na utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ambako Muhimbili ya Dar es Salaam ilishiriki. Watoto 3,211 wenye uzito wa kuanzia kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8 waligawanywa makundi mawili. Kundi la kwanza liliwekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, na mama wakakaa na watoto ndani ya wodi ya uangalizi maalumu. Kundi la pili lilisubiri mpaka hali itulie.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Ndani ya siku 28, vifo vilikuwa asilimia 12.0 katika kundi la kwanza na asilimia 15.7 katika kundi la pili. Kwa hesabu ya sokoni, kila watoto 27 waliowekwa kifuani mapema, mmoja zaidi aliokoka. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake, kwa kuwa haikuwa haki kuendelea kuwanyima wengine huduma hiyo.

Mwaka 2022 WHO ilibadilisha mwongozo: njiti awekwe kifuani mapema iwezekanavyo, kwa saa 8 hadi 24 kila siku.

Utafiti mwingine, uliofanyika katika hospitali tano za Uganda na kuchapishwa mwaka 2024, ulihusu watoto zaidi ya 2,000 ambao hali zao hazijatulia, wakiwemo waliokuwa kwenye oksijeni. Huko, vifo vya siku saba za kwanza havikuonyesha tofauti kati ya makundi mawili. Lakini ulithibitisha kuwa mtoto anayepewa hewa au dripu anaweza kukaa kifuani kwa usalama.

Kwa hiyo kitenge hakichukui nafasi ya oksijeni. Mtoto mwenye shida ya kupumua bado anahitaji hospitali na, pale ilipo, mashine inayosukuma hewa puani kwa shinikizo dogo. Asiyeweza kabisa kupumua mwenyewe hata baada ya kusaidiwa, anahitaji mashine kwanza. Ila wengi wanaopewa hewa puani wanaweza kuipata wakiwa juu ya kifua cha mama, muuguzi akiwaangalia.

Namna ya kumweka

Mtoto akae wima, miguu ikunjwe kama ya chura, kichwa kigeuzwe upande mmoja na kuinuliwa kidogo. Kidevu kisibane kifua, kwa sababu njia ya hewa ya njiti huziba kwa urahisi. Ukingo wa kitambaa ufike chini ya sikio, na tumbo lisibanwe. Mama alale akiwa ameinua mgongo kwa mito, asilale chali kabisa.

Dalili za hatari ni hizi: kupumua mara 60 au zaidi kwa dakika, kifua kubonyea ndani, kuguna kila anapotoa pumzi, midomo au ulimi kuwa na rangi ya bluu, au pumzi kukatika. Hapo mtoto apelekwe hospitali mara moja, na njiani akae kifuani ili asipoe.

Nani atalipia muda?

Huduma hii haina gharama kubwa ya vifaa, lakini inakula muda. Katika utafiti wa nchi tano, watoto wa kundi la kwanza walikaa kifuani karibu saa 17 kwa siku. Tanzania imerekebisha sheria zake za kazi ili mama wa njiti aliyeajiriwa apate likizo ndefu zaidi. Mwenye meza ya mitumba au magunia ya maharage hana wa kumpa likizo. Siku asiyouza, hali, na mkopo wa kikundi unaendelea kudai.

Mwongozo unaruhusu mzigo huo kugawanywa. Baba, bibi, shangazi au dada anaweza kumbeba mtoto kifuani mama anapopumzika au kuoga. Vikundi vya akina mama wafanyabiashara, ambavyo tayari huchangiana msibani na harusini, vinaweza kuweka fungu la mwanachama aliyelazwa na njiti, na kupanga zamu ya kumtazamia biashara.

Maandalizi huanza kabla ya safari. Mjamzito abebe kadi ya kliniki kila avukapo, na ajue hospitali iliyo karibu pande zote mbili za mpaka. Aliyewahi kujifungua kabla ya wakati, au mwenye mapacha, azungumze na mkunga kabla ya kusafiri. Tumbo likianza kukaza kwa vipindi, maji yakivuja au damu ikionekana, asisubiri mzigo ukaguliwe. Kati ya wiki 24 na 34, hospitali yenye uwezo inaweza kumchoma sindano inayoharakisha kukomaa kwa mapafu ya mtoto, na sindano hiyo inahitaji muda kufanya kazi kabla hajajifungua.

Mzigo unaweza kulala forodhani usiku mmoja zaidi. Mama anayewahi hospitali asubuhi badala ya jioni ndiye anayempa mwanawe nafasi ya kupata sindano hiyo, na baadaye kifua.