Mageuzi ya jeshi la Urusi, kutoka wizarani hadi kambini

Vita vya Krimea vilipomalizika mwaka 1856, hakuna aliyehitaji kushawishiwa kwamba jeshi la Urusi lilipaswa kujengwa upya. Reli haikufika Krimea, hivyo askari walikwenda kwa miguu kupigana ndani ya nchi yao wenyewe. Kwa miaka mingi mkulima aliyechukuliwa jeshini alitumikia miaka 25, na siku ya kuondoka kijijini alililiwa kama maiti. Kiboko ndicho kilichokuwa mwalimu wake.

Mpango wa wizara ya vita uliofuata ulikuwa mzuri, na haukuwa ndoto. Ulitaka utumishi mfupi, akiba kubwa ya askari waliokwisha kufunzwa, adhabu zenye utu, makazi rasmi, bunduki za kisasa, na askari anayejua kusoma. Lakini palikuwa na fundo la kufunguliwa kwanza. Mkulima aliyemilikiwa na kabaila akiingia jeshini alikuwa huru, kwa hiyo kuchukua vijana wengi kwa muda mfupi kungebomoa umiliki huo taratibu. Ilibidi wakulima wakombolewe kwanza, mwaka 1861, ndipo mengine yawezekane.

Waliotarajiwa kuutekeleza mpango huo ni maafisa, na baadhi yao walikuwa wameshausubiri kwa hamu. Walisoma magazeti ya wapinzani wa serikali na kufundisha askari kusoma siku za Jumapili. Jarida la kijeshi lililoanzishwa 1858 lilikuwa na mhariri ambaye miaka sita baadaye alihukumiwa kazi ngumu Siberia. Wizara ilitaka askari asome ili ashike mafunzo upesi na alenge shabaha vizuri. Afisa wa aina hiyo alitaka asome ili awe raia. Kwa muda mfupi, darasa moja lilitosha kwa matumaini yote mawili.

Yaliyohitaji amri tu yalikwenda kwa kasi. Mwaka 1863 ilifutwa adhabu ya kumpitisha askari katikati ya safu mbili za wenzake, kila mmoja na fimbo yake, hata ikibidi akokotwe. Wilaya za kijeshi ziliundwa katika miaka hiyohiyo. Januari 1874 ikatoka sheria ya utumishi kwa watu wa matabaka yote: miaka sita jeshini na tisa katika akiba.

Yaliyohitaji matofali, ngozi na saa za mwalimu yalibaki nyuma. Vikosi vingi viliendelea kulala katika nyumba za wakulima kwa miaka mingi, kombania moja ikitawanyika vijiji kadhaa. Kikosi kilijitegemea kwa mengi: askari alipewa ngozi na soli, viatu vikashonwa hapohapo kikosini. Wakati wa kiangazi askari walitolewa kufanya vibarua ili kuchangia mfuko wa kikosi. Kapteni aliyetaka kuendesha darasa alikuwa pia msimamizi wa mafundi cherehani, wa viatu na wa vibarua. Sioni haki kumlaumu kwa uvivu. Saa za siku zilimwishia.

Pigo jingine lilitoka juu. Mwaka 1862, baada ya mioto mikubwa mjini St Petersburg na hofu ya uchochezi, shule za Jumapili zilifungwa, zikiwemo zile za askari. Serikali ilikuwa na sababu za kuhofu: maafisa waliwahi kuongoza uasi wa 1825, na Poland ilikuwa ikichemka. Hata hivyo, waliotiliwa shaka ndio hasa waliokuwa tayari kukaa na askari baada ya gwaride bila kulipwa. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo mpango ulipopungukiwa zaidi kuliko kwa uhaba wa fedha.

Fedha nazo zilipungua kweli. Gharama zilipanda, kwa sehemu kwa sababu teknolojia haikungoja. Bunduki za zamani zilibadilishwa ili zijazwe risasi kwa nyuma, na kabla kazi haijaisha ikachaguliwa aina bora zaidi. Vita dhidi ya Waturuki vilipoanza 1877, akiba iliitwa kwa utaratibu ambao usingewezekana wakati wa Krimea, na hilo ni tunda la mageuzi. Lakini askari wengi wa miguu walikwenda na zile bunduki za zamani zilizobadilishwa.

Swali la nani alifikiwa na mageuzi ni gumu zaidi. Sheria ya 1874 ilipunguza muda kwa kadiri ya elimu: aliyemaliza chuo kikuu alitumikia miezi sita, mwenye elimu ya msingi miaka minne. Mkulima asiyejua kusoma alitumikia sita kamili, na wa aina yake ndio waliokuwa wengi. Kwake yeye, mageuzi hayakupimwa kwa ratiba ya wizara. Kombania yake ikiwa na afisa mwenye moyo wa kufundisha, alirudi kijijini akisoma barua. Afisa huyo akihamishwa au akifukuzwa mapema, alirudi kama alivyokwenda, na jina lake likabaki kwenye orodha ya akiba kwa miaka tisa mingine.