Mtoto wa Kabezi na kromosomu ya 21

Kabezi, kusini mwa Bujumbura kwenye barabara ya Rumonge, iliwahi kuwa mfano wa kuigwa katika kuokoa wazazi. Mwaka 2006 shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilianzisha hapo huduma ya dharura za uzazi, na magari ya wagonjwa yakawa yanawafuata akina mama waliokwama katika vituo vya afya vya milimani. Mwaka 2012 shirika hilo lilikadiria kwamba vifo vya uzazi katika eneo hilo vilikuwa vimepungua kwa asilimia 74.

Mama akishapona, nani anamtazama mtoto kwa makini, hasa aliyezaliwa na sindromu ya Down? Tangu mwaka 1959, kwa kazi ya Marthe Gautier, Jérôme Lejeune na Raymond Turpin mjini Paris, inajulikana kwamba sindromu ya Down hutokana na kromosomu ya 21 iliyozidi. Karibu nusu ya watoto wenye sindromu hiyo huzaliwa na kasoro ya moyo. Wengine hupata matatizo ya tezi ya shingo, masikio au damu. Marekani, wastani wa maisha yao ulikuwa miaka 25 hivi mwaka 1983. Leo unakaribia 60, hasa kwa sababu moyo hutengenezwa mapema.

Lakini asiyetambuliwa hatibiwi, na hapa ndipo utafiti wa jirani zetu Wakongo unaponigusa. Mwaka 2017 Aimé Lumaka na wenzake walijaribu programu ya kompyuta inayotambua maradhi ya vinasaba kwa kutazama picha ya uso. Kwa watoto wa Ubelgiji wenye sindromu ya Down ilipatia asilimia 80. Kwa wa Kongo, 37 tu. Ilipofundishwa kwa picha za Wakongo, ikafika karibu 95. Kasoro haikuwa kwenye nyuso za watoto wetu. Ni kwamba hakuna aliyekuwa ameionyesha mashine nyuso hizo. Hata vitabu vya tiba vimejaa picha za watoto wa Kizungu, na wakunga wetu husomea humo humo.

Kwa hiyo sidai Kabezi ipewe kompyuta kwanza. Nadai mkunga aonyeshwe watoto wanaofanana na wale anaowapokea: mwili uliolegea, macho yaliyoinuka pembeni, mstari mmoja kiganjani. Kisha ausikilize moyo na amwandikie mama rufaa bila kungoja kikohozi, kwa sababu tundu kubwa la moyo lisipozibwa katika miezi ya mwanzo, mishipa ya mapafu huharibika, na baadaye hata daktari bingwa hawezi tena kupasua.