Saro 5 yajaza magunia, Supa yashika bei

MOROGORO: Anayepeleka fedha Dakawa au Mkindo kununua mpunga hana budi kuuliza kwanza: ni Supa au Saro 5?

Supa ndiyo mbegu ya harufu, na mlaji wa Dar es Salaam huilipia zaidi. Lakini shina lake ni refu. Ukiitia mbolea nyingi hulala chini, na mavuno ya kawaida ni tani 2 hivi kwa hekta.

Saro 5, iliyoidhinishwa mwaka 2002 na ambayo watafiti huiita TXD 306, ni fupi na huitikia mbolea. Penye maji ya uhakika na matunzo mazuri hutoa tani 4 hadi 6. Harufu yake ni hafifu kuliko ya Supa.

Tupige hesabu. Kwa tani 2 dhidi ya 5, bei ya Supa ingebidi iwe mara 2.5 ya Saro ndipo mapato yalingane. Haifiki huko. Mwenye shamba la mfereji basi achague Saro, akitenga fedha za mbolea. Anayengoja mvua asidanganywe na takwimu hizi.

Mwenye ghala ana hesabu nyingine. Faida yake imo katika harufu, na mpunga uliochanganywa humharibia jina. Fikicha punje chache kiganjani, uzinuse kabla ya kulipa. Mpunga uliokauka kupita kiasi utatoka chenga mashineni, mbegu iwe yoyote. Na tumia mizani: mkulima aliyepunjwa kwa lumbesa msimu ujao humwuzia mwingine.